Nilisema Nalala Peke Yangu

Nilianza kukohoa kwenye nguzo ya nane. Nguzo za simu, zile zilizosimama kando ya barabara ya kutoka Migori kwenda Kisii, ndizo zilizokuwa mwalimu wangu wa mbio, na hadi leo nakumbuka ipi ilikuwa na kiota cha ndege na ipi nilitapikia chini yake wiki ya kwanza. Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja tu. Kama unakohoa sasa hivi na una sababu nzuri ya kuficha, mtu huyo ni wewe. Sitakufundisha habari za vijidudu. Hizo waulize wenye makoti meupe. Nitakueleza nilivyoficha mimi na kilichotokea, kisha uamue kama sababu yako inashinda yangu.

Sababu yangu ilikuwa jeshi. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila kijana aliyeweza kusimama wima aliota kuvaa kaki. Baba alikuwa amekufa zamani. Tulibaki watatu: mama, kaka yangu Owino, na mimi kitinda mimba, niliyemaliza shule na kukosa kazi nyingine ila kupalilia mtama wa mama, tena vibaya. Jirani yetu mmoja, mzee tuliyemwita Sajini kwa sababu alipigana vita vya Burma, ndiye aliyeniletea habari kwamba watu wa jeshi wangekuja Homa Bay kuandikisha vijana kabla ya mvua ndefu.

"Watakukimbiza maili tatu," alisema. "Utaweza?"

Nikamwambia naweza. Alinitazama miguu, akanitazama uso, akacheka kwa dharau ya kizee. "Basi kesho nikuone unafika darajani."

Sikufika darajani. Nilikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na kwenye nguzo ya tano nikakaa chini. Sajini alikuja na baiskeli yake akaninyanyua kwa kola. Akanipa utaratibu: kimbia nguzo moja, tembea nguzo moja. Wiki ya pili, kimbia mbili, tembea moja. Usikimbie kwa kifua, kimbia kwa tumbo. Usiwaonyeshe watu meno, unapoteza pumzi. Nilifanya hivyo mvua za vuli zote, peku, matope yakinifika magotini, na wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakinikejeli, wakiuliza nimeibiwa nini hata nakimbia hivyo. Ilipofika Krismasi niliweza nguzo arobaini bila kusimama. Sijawahi kuupenda mwili wangu kama siku zile.

Kisha, kiangazi kilipoingia, kikohozi. Nilisema ni vumbi. Nilianza kulowa jasho usingizini, nikasema ni joto. Nikakonda, nikasema ni mbio, na kila mtu alikubali kwa sababu ilikuwa kweli nakimbia. Asubuhi moja nilitema mate kwenye majani, nikaona damu, nyekundu safi, yenye povu. Nilitazama nyuma na mbele. Barabara ilikuwa tupu. Nikaifukia kwa kidole gumba cha mguu, kama paka, nikaendelea hadi nguzo ya tisa.

Nataka ulielewe hili vizuri. Nilijua. Mume wa shangazi yangu alikufa hivyo hivyo, akitemea damu kwenye kopo la maziwa, na sikuwa mtoto wakati ule. Sikuwa na jina la kitabibu, lakini nilijua ni kifua, na nilijua jeshi halichukui mtu mwenye kifua.

Sasa nieleze habari ya nyumba. Kwetu Wajaluo kijana akikua hujengewa kibanda chake karibu na lango la boma, tunakiita simba, na huko ndiko analala yeye na wenzake mpaka aoe. Mkubwa hujenga kwanza. Mdogo hamtangulii mkubwa kwa nyumba wala kwa mke, na akimtangulia huingiwa na chira: anakonda, anakohoa, anaisha, bila jeraha wala homa inayoonekana. Mimi nilikuwa nimemtangulia. Owino alikuwa Macalder, akichimba dhahabu kwa mikono na wenzake kwenye mashimo ya zamani, akija nyumbani mara chache na kurudi. Paa la mama lilikuwa linavuja na mimi nilikuwa nimekuwa mrefu kuliko kitanda. Mama akasema, "Jenga tu, nyathina. Kaka yako akija atajenga yake. Mungu anaona tuna shida." Nyathina ni mwanangu. Hivyo ndivyo alivyoniita siku aliyonipa ruhusa, na neno hilo lilikuja kumgharimu sana.

Kwa hiyo mbavu zangu zilipoanza kuhesabika, watu hawakuhitaji kufikiri. Chira, walisema kisimani. Chira, walisema baada ya ibada, kwa sauti ya chini kwa sababu mchungaji hakupenda neno hilo. Mama alituma ujumbe Macalder, na Owino akaja kwa miguu, siku mbili njiani, na mfuko wa karanga begani. Nilimwona akiingia langoni, mpana, mweusi, vumbi hadi kwenye nyusi, akanicheka. "Omera, ndugu yangu, jeshi gani litachukua mwiko wa ugali?"

Mzee wa dawa akaitwa. Alituchemshia manyasi, mizizi ya kusafisha kosa, tukanywa wote wawili. Kisha akatoa masharti. Owino alale ndani ya simba ile pamoja nami, ili ihesabiwe kuwa yake. Awe wa kwanza katika kila jambo: aingie kwanza, ale kwanza, alale upande wa ukutani. Na kama tutatembea au kukimbia, mimi nisimpite, mpaka mwezi uandame mara mbili.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa tumekaa wote, mama, Owino, mzee wa dawa na mimi, mchana kweupe. Ningefungua mdomo niseme, natema damu, msimlaze karibu nami. Nilihesabu kichwani. Chira haizuii mtu kwenye mstari wa jeshi. Hakuna afande anayepima chira. Kifua kinazuia. Nikafunga mdomo.

Tulilala pamoja wiki saba katika kibanda kisichozidi hatua nne. Owino hakupenda baridi, alikuwa akiziba kidirisha kwa gunia. Asubuhi alikimbia nami, kwa sababu sharti lilisema awe mbele, naye hakutaka kunikosesha mazoezi. Fikiria kichekesho hicho: mimi niliyejifunza miezi minne nakimbia nyuma ya mtu ambaye hajawahi kukimbia, nikijizuia nisimpite, nikimpumulia mgongoni. Alihema kama fahali, akaapa kwa majina ya mababu wote, lakini hakuacha hata siku moja. Sajini alisimama na baiskeli yake akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikitazama nyayo zake zikipiga vumbi mbele yangu, puf, puf, puf. Nikitaka kukohoa, nilikohoa kwenye kiwiko.

Siku ya jeshi ilifika mwezi wa tatu. Owino alirudi Macalder siku hiyo hiyo; tuliagana barabarani, yeye akielekea magharibi na mimi nikipanda basi la Homa Bay. Alinishika mkono. "Ukipata kaki," alisema, "mimi ndiye nitaivaa kwanza. Sharti ni sharti."

Tulikuwa vijana mamia uwanjani, tumevua mashati. Afande mwenye fimbo alipita akipaza sauti, "Wewe, meno! Wewe, simama! Wewe hapana lala, hapa hapana kwa mama yako!" Tukakimbia. Maili tatu kuzunguka uwanja, vumbi la watu mamia, na mimi nikakimbia kwa tumbo, mdomo umefungwa, kama nilivyofundishwa. Kifua kilikuwa kinawaka lakini miguu ilikuwa mizima. Nilimaliza katika kundi la kwanza. Afande alinipiga bega kwa fimbo. "Huyu naweza," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshi, na sijasikia sifa tamu kuliko hiyo maishani.

Kisha kipimo cha kifua. Daktari alikuwa chini ya turubai, kijana, mpole. Aliniambia vuta pumzi, shikilia. Nikavuta. Nikashindwa kushikilia. Nilikohoa mbele yake, mbele ya foleni nzima, na kilichotoka kilinichafua kidevu na kifua. Foleni ilirudi nyuma kama maji. Daktari hakurudi nyuma. Alinipa kitambaa, akaandika karatasi, akaniambia niende hospitali ya serikali sasa hivi, nisipitie popote. Nilitembea hadi hospitali nikiwa nimeshika shati mkononi.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua, nikuambie lilivyo. Hakuna anayemkaribia mwenzake. Kila mtu ana kikopo chake cha makohozi chenye mfuniko, anakishika kama mtu aliyebeba mayai. Nje, makorongo wakubwa walikuwa wamesimama juu ya paa la jiko, vipara, wakingoja mabaki ya samaki, na mzee mmoja pembeni yangu alikuwa akiwahesabu kila asubuhi akisema wameongezeka. Unangoja picha ya kifua. Unangoja kuitwa. Jina lako likiitwa unatamani liwe la mwingine.

Niliitwa na muuguzi, Sista Rebeka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Aliniambia ni kifua kikuu, pande zote mbili, na kwamba kuna dawa na nitapona nikiwa mtiifu. Nililia kwa furaha na kwa aibu. Kisha akachukua kalamu.

"Sasa wewe niambie. Kwenu unalala na nani?"

"Peke yangu," nikasema.

"Peke yako kabisa? Hapana ficha. Ndugu, rafiki? Tunataka wao waje pia, tupime."

"Nina simba yangu. Nalala peke yangu."

Akaandika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jeshi lilikuwa limekwisha kunikataa. Hakukuwa na kitu cha kulinda tena. Nadhani niliona aibu ya ile hesabu niliyoifanya kichwani siku ya manyasi. Nikimtaja Owino, angeniuliza tangu lini nakohoa damu, na ningelazimika kusema nilijua nilipomlaza. Nilitaka nionekane mtu mwema kwa mwanamke nisiyemfahamu.

Mvua ndefu zilininyeshea wodini. Sindano kila siku, tako la kulia, tako la kushoto, mpaka pote pakawa na vinundu na nikawa nakaa kwa upande. Vidonge vikubwa vichungu, kiganja kizima, vilivyonifanya nitapike uji. Sindano ziliniharibu masikio. Zilinipa kizunguzungu pia. Mimi niliyemaliza maili tatu katika kundi la kwanza nilikuwa nikishika ukuta kwenda choo. Na mlio. Wenzangu wengine walisikia filimbi, wengine nyuki. Mimi nilisikia nyayo. Puf, puf, puf, mtu peku kwenye vumbi, mbele yangu kidogo, na hata nikigeuza kichwa hakuondoka pale mbele.

Mama alikuja kila mwisho wa mwezi na samaki wa kukaangwa, ngege wa ziwani. Alikaa mbali nami, mlangoni, kama walivyomwelekeza, tukizungumza kwa sauti kubwa kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Nilimuuliza Owino yuko vipi. Alisema yuko Macalder, hajambo. Mwezi wa saba akasema hajambo ila ana mafua. Mwezi wa nane sikuuliza.

Nilipata nafuu. Lazima niseme hilo, maana ndilo unalotaka kusikia, nawe una haki ya kulisikia. Mashavu yalirudi. Damu iliisha, kisha homa, kisha kikohozi. Kulikuwa na neema ndogo ndogo: Sista Rebeka aliyenikaangia yai kwake siku niliyotimiza sindano ya mwisho, Sajini aliyeendesha baiskeli kutoka Migori hadi Homa Bay, mzee yule, kuniletea viatu vyake vya Burma ambavyo havikunitosha. Ukifika mahali nilipokuwa, zipokee. Usiringe.

Mvua za vuli zilipoanza, wakamleta Owino. Alikuja nyuma ya lori, amelazwa juu ya magunia. Sikumtambua. Nilimtambua mama pembeni yake, ndipo nikajua aliyelala ni nani. Yule mtu mpana alikuwa amebaki macho na magoti. Walimlaza kitanda cha nne kutoka changu, wakamchoma sindano zile zile. Sista Rebeka alisoma karatasi yake, akasoma jina la baba yetu, akaja kusimama miguuni pangu. Hakupaza sauti.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ndiyo."

"Alilala na wewe?"

Nilitazama kitanda cha nne. Akasubiri, kisha akasema, "Au yeye alitoa ugonjwa huko kwa mashimo. Vumbi nyingi huko. Hatuwezi jua." Nilijua ananifungulia mlango nitoke. Ni mwanamke mwenye huruma. Sijawahi kupita mlango ule, ingawa nimesimama mbele yake siku nyingi.

Owino aliishi siku kumi na sita wodini. Nilimlisha uji kwa kijiko, kwa kuwa mimi sikuwa na haja tena ya kumwogopa. Siku moja alikuwa na nguvu kidogo, akatabasamu. "Bwana askari," alisema. "Ile chira yako imenikosea njia. Imenipata mimi."

"Usiseme hivyo."

"Sina hasira, omera. Bora wewe. Mimi hata mbio sikuwa najua."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Hapo tena ningesema, na hapo tena sikusema. Nilimfuta mdomo. Alikufa keshokutwa yake, asubuhi, wakati wanagawa vidonge, na vyangu vilikuwa tayari kiganjani. Nilivimeza kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi utiifu, ndipo nikaenda kumwona.

Tulimzika nyumbani. Ukitujua, unajua tunavyolia msiba. Kwetu hakuna kilio cha chini chini. Mama hakulia. Alikaa chini kando ya jeneza, kanga imefungwa kifuani, macho makavu, na watu wakamwogopa. Baada ya mazishi alichukua jembe akaenda mwenyewe kuibomoa simba yangu, ukuta kwa ukuta, hakumruhusu mtu kumsaidia. Kanisani aliacha kuimba. Wanawake wa kisimani walijua kwa nini, na wakahakikisha na mimi nimejua: yeye ndiye aliyemruhusu mdogo ajenge kabla ya mkubwa. Mdogo alipokimbilia kwa wazungu na sindano zao, deni likaenda kwa mkubwa. Hivyo walisema, na hivyo aliamini.

Nilimeza vidonge mwaka mzima mwingine. Nilikuwa na kikombe changu na sahani yangu, ingawa hospitali ilisema sihitaji tena. Nilinenepa. Mama alinipikia, aliniuliza kama nimekunywa dawa, alinilindia maziwa, na hakuwahi tena kuniita nyathina. Tuliishi hivyo msimu wa kupanda, wa kupalilia, wa kuvuna. Nyayo hazikuniacha sikioni. Nilikuwa nimepona na nilikuwa nikimtazama mama yangu akiisha, bila jeraha wala homa inayoonekana.

Siku waliponiambia Homa Bay kwamba picha ni safi na dawa basi, nilirudi nyumbani nikamkuta uani akipeta mtama, jua la alasiri mgongoni. Nilikaa chini. Niliogopa kuliko siku ya daktari wa jeshi. Nikamwambia yote kwa mfuatano kama nilivyokuambia wewe: damu kwenye majani, kidole gumba, hesabu niliyoifanya tukiwa tumekaa na mzee wa dawa, wiki saba, gunia dirishani, Sista Rebeka na kalamu yake. Nikamwambia nilisema nalala peke yangu.

Aliendelea kupeta nilipoanza. Mahali fulani katikati ungo ulitulia. Nilipomaliza alikuwa ameushika magotini, makapi yamemjaa mikononi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, mama."

"Kabla hajaja."

"Kabla hajaja."

Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo mwaka mzima, na nadhani nililitaka. Alitazama mahali simba ilipokuwa, sasa pameota majani.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Si mimi. Si ile nyumba. Sikumuua." Alisema tena, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliotoka kwenye bandeji. Kisha akauweka ungo chini, akasimama, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Alimlilia mwanawe kwa jina lake na kwa jina la baba yake na kwa majina ya sifa ambayo hajawahi kuyatamka tangu tumzike, akikimbia kutoka mlango wa nyumba hadi kaburini na kurudi, kanga ikimwanguka. Kuku walitawanyika. Mimi nilibaki nimekaa pale pale, kwa maana haikuwa haki yangu kumshika.

Majirani walikuja mbio kutoka mashambani, na majembe yao, Sajini akiwa mbele ameiacha baiskeli njiani. Walisimama langoni wakimtazama mama, kisha wakanitazama mimi, mnene, mzima.

"Nani?" Sajini aliniuliza, akihema. "Nani amekufa?"

"Owino," nikasema.